Maswali ya Wasomaji: Seli Zilizokufa Kabla ya Alfajiri

Picha ya seli za binadamu tuliyoichapisha katika toleo lililopita, viini vikiwa vya samawati na nyuzi za ndani zikiwa za kijani, imetuletea barua nyingi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa safu hii kwa desturi huulizwa habari za kisukari, maji ya visima na kuumwa na nyoka. Nimechagua sita. Moja, iliyotoka kwa mwanafunzi, nimeijibu kwa urefu usio wa haki kwa wenzake, na nadhani watakaoisoma hadi mwisho watanisamehe.

Shati linalowaka ndani ya matatu

*Mhariri, kila jioni mimi husafiri kutoka katikati ya jiji hadi Githurai katika matatu yenye taa za zambarau. Nikiketi tu, shati langu jeupe huwaka kama taa, lakini la jirani yangu, ambalo mchana ni jeupe vilevile, hubaki limefifia. Kijana mmoja wa chuo alinieleza kwamba hivyo ndivyo seli za mwili zinavyotazamwa kwenye hadubini. Je, alikuwa akinitania? – Abiria, Githurai*

Hakukutania. Sabuni nyingi za unga hutiwa kemikali ya kung'arisha nguo, nayo hubaki kwenye nyuzi za kitambaa hata baada ya kusuuza. Kemikali hiyo hufyonza mwanga wa urujuanimno, ambao jicho haliuoni, kisha hutoa mwanga wa samawati, ambao jicho huuona vizuri sana. Jirani yako huenda hufua kwa sabuni ya kipande isiyo na kemikali hiyo, na shati lake halina kosa lolote. Wakala wa M-Pesa anayepitisha noti ya shilingi elfu moja chini ya kitaa chake cha zambarau hutegemea kanuni hiyohiyo kwa upande wa pili: karatasi ya noti halali haipaswi kung'aa yote kama karatasi ya daftari, bali alama na nyuzi zilizofichwa ndani yake tu ndizo zinazopaswa kujitokeza.

Aliyelipa jambo hili jina ni George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Cambridge. Mwaka wa 1852 alieleza jinsi maji yenye kwinini, dawa ileile chungu ambayo wazee wetu walinyweshwa walipougua malaria, yanavyotoa mwanga wa samawati yakimulikwa kwa urujuanimno, na akauita mwanga huo fluoresensi. Alionyesha kwamba mwanga unaotoka huwa na wimbi refu kuliko ule ulioingia. Leo tunajua kwamba sehemu ya nguvu yake hupotea njiani kama joto. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayobeba kazi yote ya hadubini za aina hii. Kioo maalumu ndani yake huelekeza mwanga wa wimbi fupi kwenye seli, kisha huruhusu ule wa wimbi refu peke yake kufika jichoni, hivi kwamba chochote kisichotiwa rangi hubaki gizani. Ni kama nyota: zipo mchana na usiku, ila mchana anga lenyewe linang'aa mno tusiweze kuziona.

Wala usidhani haya ni mambo ya watafiti peke yao. Vimelea vya kifua kikuu hutiwa rangi iitwayo auramini na kutafutwa kwa hadubini za fluoresensi zenye taa za LED, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka wa 2011. Mtu aliyewahi kutoa makohozi kliniki huenda alipimwa kwa kanuni ya shati lako.

Je, rangi zile ni za kweli?

*Nimeitazama ile picha kwa makini. Je, ndani ya miili yetu kuna kijani na samawati namna ile, au mmezipaka kwa kompyuta? – Mchoraji wa mabango, Kariobangi*

Yote mawili yana ukweli, na swali la mchoraji lina uzito kuliko linavyoonekana. Seli ya binadamu iliyoachwa ilivyo karibu haina rangi. Ni kama tone la ute wa yai ndani ya maji. Rangi iliyotiwa kwenye viini hutoa kweli mwanga wa samawati, wenye wimbi la takriban nanomita 461, na protini iliyokuwa kwenye nyuzi hutoa kweli mwanga wa kijani wa takriban nanomita 509. Hata hivyo, kamera nzuri za hadubini hazitambui rangi. Huhesabu kiasi cha mwanga tu na kutoa picha za kijivu, moja kwa kila kichujio, kisha mtafiti ndiye huiambia kompyuta kwamba hii ipakwe samawati na ile kijani. Siku hizi wengi wetu hupaka kijani na zambarau-nyekundu badala ya kijani na nyekundu, kwa sababu wanaume wengi kiasi huzichanganya rangi hizo mbili za mwisho. Kupaka si udanganyifu. Udanganyifu huanza pale mtu anapoongeza mwangaza wa picha moja na kuuacha wa nyingine kama ulivyokuwa, kisha akaziweka ubavuni mwa nyingine na kudai kwamba dawa yake imefanya kazi.

Protini ya kijani niliyoitaja ilitoka kwa konyeza, yule kiumbe laini wa baharini ambaye watu wa Pwani wanamjua kwa kuwasha ngozi, ingawa huyu aliishi katika maji baridi ya pwani ya magharibi ya Marekani. Osamu Shimomura aliitenga mwaka wa 1962. Douglas Prasher akapata jeni yake mwaka wa 1992. Martin Chalfie akaonyesha mwaka wa 1994 kwamba jeni hiyo inaweza kumfanya mnyoo mdogo ang'ae. Naye Roger Tsien akaiboresha na kuizalia ndugu wa rangi nyingine. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 2008 ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Tsien. Prasher, aliyeishiwa na ufadhili na kuwagawia wenzake jeni ile bila malipo, wakati huo alikuwa akiendesha gari la kuwabeba wateja wa muuzaji magari huko Alabama. Sijui mchoraji atalichukuliaje jambo hilo, lakini mimi hulikumbuka kila ninapoona kijani kile.

Seli zilikuwa hai jioni, alfajiri zimekufa

*Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Nairobi. Ninakuza seli za saratani ya binadamu ziitwazo HeLa, zilizo na protini ya kijani kwenye nyuzi, ninatia rangi ya samawati iitwayo Hoechst 33342 kwenye viini na rangi nyekundu kwenye mitokondria. Hupiga picha kila baada ya dakika 5 kwa saa 12, vichujio 3, tabaka 15 kwa kila kichujio, kila picha ikichukua milisekunde 300. Jioni seli huwa zimetandaa vizuri. Ikifika saa kumi alfajiri zimejikunja, zimetoa vipovu, na nyingi zimeng'oka kwenye kioo. Sahani ya pili, iliyotiwa rangi zilezile lakini nikaiacha ndani ya inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli), haina tatizo. Msimamizi wangu anasema rangi ni mbovu na niagize nyingine. Naomba ushauri kabla sijatumia pesa zilizobaki. – Mwanafunzi, Nairobi*

Usiagize bado. Barua yako ina jibu ndani yake, ila limejificha katika hesabu.

Saa 12 zenye picha kila dakika 5 ni mizunguko 144. Zidisha kwa vichujio 3 na tabaka 15, upate miale 6,480 iliyopiga seli zilezile usiku mmoja. Kwa milisekunde 300 kila mmoja, seli zako zilikaa chini ya taa kali kwa zaidi ya dakika 32, na katika hizo karibu dakika 11 zilikuwa za mwanga unaokaribia urujuanimno, kwa kuwa ndio Hoechst huuhitaji. Mtu huenda akafikiri kwamba tabaka 15 humulika kila moja sehemu yake nyembamba ya seli, lakini sivyo: kila tabaka linapopigwa picha, mwanga hupita katika unene wote wa seli, na kinachobadilika ni pale tu lenzi inapolenga. Kwa hiyo kila tabaka unalopunguza ni nafuu kamili kwa seli. Ongeza swali hili kwa fundi wenu: je, taa huzimika lenzi inapohama kutoka tabaka moja hadi jingine, au huendelea kuwaka? Ikiwa huendelea kuwaka, hesabu yangu ni ndogo kuliko ukweli.

Sasa tuone mwanga huo unaua vipi. Molekuli ya rangi iliyofyonza mwanga mara nyingi huutoa tena kama tulivyomweleza abiria wa Githurai, lakini mara chache huiachia nguvu yake oksijeni iliyo karibu, na oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali, ikaanza kuunguza kilicho jirani. Ikiiunguza molekuli ya rangi yenyewe, rangi huchujuka kama kanga iliyoanikwa juani mwezi mzima, nawe unaona picha ikififia. Ikiunguza utando, protini au DNA, huoni chochote hadi alfajiri. Wewe umeweka rangi moja juu ya DNA yenyewe na kuimulika kwa mwanga wenye nguvu kubwa kuliko yote uliyo nayo, ukaweka nyingine ndani ya mitokondria, mahali ambapo seli hutengeneza nishati yake. Hata kiowevu cha lishe kina riboflavini, vitamini ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa samawati huzalisha peroksidi ya haidrojeni. Kwa hiyo msimamizi wako hajakosea kabisa, kwa sababu rangi imo katika mauaji haya. Lakini sahani ya pili, yenye rangi zilezile na isiyomulikwa, inashuhudia kwamba rangi haikuwa peke yake.

Ushahidi huo haujakamilika, kwa sababu sahani ile ilikuwa ndani ya inkubeta na si juu ya hadubini, na huko juu ya hadubini kuna wauaji wengine. Fanya hivi usiku mmoja kabla ya kununua chochote. Weka juu ya hadubini sahani yenye vyumba vinne, katika joto na hewa ileile. Chumba kimoja kiwe na rangi na kimulikwe. Cha pili kiwe na rangi na kisimulikwe. Cha tatu kisiwe na rangi lakini kimulikwe. Cha nne kisipate rangi wala mwanga. Seli za kuwekwa katika vyumba viwili vya mwisho ziwe za HeLa za kawaida, zisizo na ile protini ya kijani. Asubuhi pitia vyote vinne kwa mwanga wa kawaida. Chumba cha nne kikifa pamoja na vingine, acha kabisa kuzungumza juu ya rangi na uangalie joto na hewa. Kikifa cha kwanza peke yake, au cha kwanza na cha tatu, shida ni mwanga.

Usihesabu waliokufa tu. Seli za HeLa hugawanyika takriban mara moja kwa siku, kwa hiyo katika saa 12 karibu nusu yake zinapaswa kugawanyika. Kila inayogawanyika hujikunja kuwa duara kwa muda wa saa moja hivi, kisha hutandaa tena ikiwa mbili. Kujikunja huko si kifo, na nimewahi kuona mwanafunzi akiomboleza seli zilizokuwa zikizaa. Kifo huja na vipovu kwenye utando na kiini kilichovunjika vipandevipande. Lakini kabla ya kifo kuna dalili ya mapema zaidi, nayo ni ukimya: usiku mzima hakuna seli iliyogawanyika, ingawa zote zinaonekana nzuri. Seli iliyounguzwa DNA kidogo husimamisha mgawanyiko ili ijitengeneze. Mtafiti anayesema seli zake zilistahimili kwa sababu hazikufa, huku hazikugawanyika hata moja, amepiga picha za wagonjwa akidhani ni wazima.

Ikithibitika kwamba ni mwanga, punguza bila huruma. Jiulize swali lako la utafiti linahitaji nini hasa. Kama ni kujua wakati wa mgawanyiko, picha kila baada ya dakika 15 zinatosha, na tabaka 5 zinatosha. Shusha muda wa kila picha hadi milisekunde 100. Mizunguko 48 mara tabaka 5 ni miale 240 kwa kila kichujio, yaani sekunde 24 badala ya sekunde 648, ambayo ni pungufu mara 27. Picha zitakuwa na chengachenga kama televisheni ya zamani yenye antena mbovu, zikubali. Picha yenye chengachenga ya seli iliyo hai ina thamani kuliko picha safi ya maiti. Hoechst yenyewe ishushe hadi maikrogramu 0.1 kwa mililita badala ya ile 1 iliyozoeleka, au uitumie mwanzoni na mwishoni tu. Bora zaidi, ukipata rangi ya viini inayomulikwa kwa mwekundu wa nanomita 650 hivi, itumie, kwa maana mwanga huo una nguvu ndogo na seli huuvumilia. Hapo ndipo ningekuruhusu ununue.

Kisha kuna Nairobi yenyewe. Vitabu vingi vya maabara vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, nao husema kwa wepesi kwamba seli huhitaji nyuzi 37 na kabonidayoksaidi asilimia 5. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ina mgandamizo wa takriban asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Asilimia 5 ya hewa nyepesi ni gesi kidogo kuliko asilimia 5 ya hewa nzito. Kwa seli zako ni kama asilimia 4.1 ya Mombasa. Kwa kuwa gesi hiyo ndiyo inayosawazisha bikaboneti ya kiowevu, pH hupanda (yaani asidi hupungua) kwa kiasi kinachokaribia 0.1, na wekundu wa kiowevu huelekea upinki. Kuweka asilimia 6 hurekebisha jambo hilo, mradi mashine yako inapima asilimia na si mgandamizo. Hili halikuua seli zako, kwa sababu sahani ya pili ilivuta hewa hiyohiyo, lakini seli iliyokwisha kuchoshwa kidogo huvumilia mwanga kidogo, na ninashangaa ni wangapi kati yetu hawajawahi kufanya hesabu hiyo.

Joto ni jambo jingine. Lenzi ya mafuta hugusana na kioo cha sahani kupitia tone la mafuta, na kwa kuwa ni kipande kikubwa cha chuma, hunyonya joto kutoka mahali hasa unapopigia picha. Kipimajoto cha kisanduku kinaweza kusoma 37 huku seli zilizo juu ya lenzi zikiwa chini ya hapo kwa nyuzi kadhaa, hasa usiku wa Julai wakati maabara yenyewe ni baridi kama friji. Lenzi nayo ipashwe joto, na mtambo wote uwashwe saa tatu au nne kabla ya kuanza, la sivyo vyuma vitaendelea kutanuka na utaamka kukuta picha zote zimepoteza ulengaji. Weka kitambaa chenye maji safi ndani ya kisanduku, kwa sababu kiowevu kikipungua kwa mvuke chumvi huzidi. Na usiache jambo hili kwa stima peke yake. Miaka kadhaa iliyopita nilipoteza usiku wa kumi na moja kati ya kumi na mbili kwa sababu umeme ulikatika kwa dakika nne. Jenereta iliwaka kama ilivyopaswa, hadubini ikarudi, kompyuta nayo ikarudi ikaniuliza kwa adabu kama ningependa kuanza jaribio jipya. Betri ndogo ya akiba kwenye kompyuta ingetosha.

Neno la mwisho kwako, ambalo huenda likafuta yote niliyoandika. Je, una hakika kwamba unahitaji seli hai? Ukitaka tu kujua mitokondria zinaonekanaje baada ya saa 3, 6, 9 na 12 za dawa, weka sahani nne, na kila moja ikifika saa yake igandishe, si kwa baridi bali kwa formaldihaidi ya asilimia 4, kwa dakika 15. Seli iliyogandishwa haiogopi mwanga. Kinachoharibika ni rangi tu. Hapo unaweza kutoboa utando wake kwa sabuni ya maabara iitwayo Triton na kuingiza kingamwili zilizobeba rangi, ambazo kwa ukubwa wao haziwezi kupenya kwenye seli hai, kazi iliyoanza tangu Albert Coons alipozitumia mara ya kwanza katika miaka ya 1940. Filamu ya seli hai hupendeza sana kwenye mkutano, nami sikatai. Lakini maswali mengi ninayoletewa yangejibiwa na sahani nne na usingizi mzuri.

Vumbi linalong'aa kando ya viini

*Katika maabara yetu, seli zote zikitiwa Hoechst huonyesha vinukta vidogo vingi nje ya kiini, kama vumbi. Kiowevu ni safi, hakina ukungu, na tunatia penisilini kila mara. Je, rangi imeganda? – Fundi wa maabara, Nairobi*

Natamani ingekuwa imeganda. Vinukta vya DNA vilivyo juu ya utando na katika nafasi tupu kati ya seli, vyote vya ukubwa mmoja, kwa kawaida ni mikoplasma. Ni bakteria wadogo wa takriban maikromita 0.3, wasio na ukuta wa seli, na kwa kuwa penisilini hushambulia ukuta, haiwadhuru. Wengine hupenya hata vichujio vya maikromita 0.22. Hawachafui kiowevu, na seli huendelea kukua huku tabia zake zikiwa zimebadilika, jambo linalomaanisha kwamba matokeo yenu ya miezi iliyopita yana walakini. Msichanganye na vinukta hafifu vilivyo ndani ya seli, ambavyo huweza kuwa DNA ya mitokondria. Thibitisheni kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA yao. Ikiwa ni wao, tupeni seli hizo baada ya kuziloweka kwenye jiki, pangusa kila kitu, na mrudi kwenye akiba ya zamani iliyogandishwa, mkiipima nayo kabla ya kuikaribisha ndani. Seli yoyote ya kuazima kutoka maabara nyingine itengwe kwanza, hata kama aliyewapa ni rafiki.

Seli za mwanamke aliyefariki

*Binti yangu ameanza kazi ya maabara na kila Jumamosi huamka mapema kwenda, eti, kulisha seli. Nilipomuuliza ni za nani, akasema ni za mama mmoja Mmarekani aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Jambo hili limenikosesha amani. Je, ni halali kuchezea mabaki ya mtu? – Mama, Umoja*

Shikamoo mama. Binti yako amekwambia kweli. Mama huyo ni Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, ambaye mwaka wa 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore akiwa na saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe bila kumwomba idhini, na seli zake, tofauti na zote za binadamu zilizojaribiwa kabla, zikaendelea kugawanyika bila kukoma. Alifariki Oktoba 4 mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 31. Kizazi cha seli hizo ndicho HeLa, jina lililokatwa kutoka majina yake mawili, na ndizo zilizotumika katika kuipima chanjo ya kwanza ya polio, ile ya sindano. Familia yake haikujua kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka wa 2013 taasisi kuu ya afya ya Marekani ilikubaliana na familia kuhusu nani anaweza kusoma jeni za seli hizo, na mwaka wa 2023 familia ikafikia maafikiano nje ya hukumu na kampuni moja iliyokuwa ikiziuza.

Anachokilisha binti yako si mabaki, kwa sababu seli hizo ziko hai na zimegawanyika mara nyingi mno tangu siku ile. Hubadilishiwa kiowevu kila baada ya siku mbili tatu, zisipobadilishiwa hufa kwa uchafu wake zenyewe, na ndiyo sababu Jumamosi haina mapumziko. Uhalali wa kidini sina elimu ya kuuhukumu. Hapa Kenya, mtu anayetaka kuchukua seli kutoka kwa mgonjwa leo ni lazima apate kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na mgonjwa akubali kwa maandishi katika lugha anayoielewa. Kuhusu Bi Lacks, kosa lilitendeka na seli zimeenea duniani kote. Wapo watafiti walioacha kuzitumia, na wapo wanaozitumia huku wakimtaja kwa jina. Mwombe binti yako akueleze yeye yuko upande gani, na umsikilize kabla ya kumkataza.

Fluoresensi bila hadubini

*Shule yetu haina hadubini ya aina hiyo na haitaipata. Je, wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuona fluoresensi kwa njia rahisi? – Mwalimu wa biolojia, Kasarani*

Wanaweza, Mwalimu, kwa vitu vya jikoni na kitaa cha kukagulia noti. Katakata majani machache ya sukuma wiki, yaponde kwenye kinu, uyaloweke katika spiriti ya kusafishia vidonda kwa dakika kumi, kisha uchuje kwa kitambaa cheupe. Utapata maji ya kijani. Zima taa, funga mapazia, mulika kwa kitaa cha zambarau kutoka ubavuni, na kijani hicho kitatoa mwanga mwekundu kama damu, kwa sababu klorofili iliyotengwa na jani haina pa kuipeleka nguvu iliyoifyonza. Jani zima ukilimulika, wekundu huo karibu hauonekani, kwa kuwa huko nguvu nyingi huenda katika usanisinuru. Waulize wanafunzi tofauti hiyo inatoka wapi kabla hujawaambia. Chupa ya maji ya toniki itang'aa samawati kwa kwinini iliyomo, na bizari ya manjano iliyokorogwa ndani ya spiriti itang'aa manjano ya kijani.

Mwanafunzi yeyote asitazame kitaa moja kwa moja, na spiriti isiwe karibu na jiko wala kiberiti. Mchanganyiko wa sukuma wiki tumia siku hiyohiyo, kwani ukikaa kwenye mwanga hadi kesho utakuwa umechujuka.